UZI: Namna ya kupata kijiwe cha ndege kisichojulikana karibu na unapoishi

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa wapenzi wa kutazama ndege, hasa wale waliokata tamaa kwa kuambiwa kwamba bila safari ya mbali na ada ya hifadhi hutaona kitu. Nina hoja moja na nitaitetea humu: karibu kila palipo na makazi ya watu pana kipande cha ardhi au maji kinachofurika ndege na hakuna anayekitupia jicho. Hakitazamwi kwa sababu hakipendezi. Ndege hawana shida na mandhari. Wanataka chakula, maji, pa kulala, pa kutagia, na nafasi ya kumwona adui kabla hajawafikia. Vitu hivyo vikikutana nyuma ya ukuta wa kiwanda, watakaa nyuma ya ukuta wa kiwanda.

Kijiwe changu nilikipata kwa kuwafuata yangeyange. Kila jioni makundi yao yalikuwa yanapita juu, yote yakielekea upande mmoja, na asubuhi yanarudi yakitokea hukohuko. Ndege wanaopita hivyo wanakuonyesha njia kati ya chakula na kitanda. Nikawa nasogea kidogokidogo: leo nasimama hapa naangalia wanapotelea wapi, siku nyingine naanzia pale walipopotelea. Mwisho wake ukawa shimo kubwa la zamani walilokuwa wanachimba mchanga. Maji yamelijaa, matete yameota upande mmoja, upande mwingine ni tope tupu. Watu wa jirani walikuwa wanalijua shimo lenyewe, ila kama mahali pa hatari kwa watoto, basi.

Sasa tazameni kwa nini shimo la namna hiyo linafaa kuliko bwawa zuri lililojengwa kwa mawe. Bwawa la bustani lina kina kimoja na kingo zilizonyooka. Shimo la mchanga lina kina cha kila aina, na kina ndicho kinachogawa nafasi. Kitwitwi na chamchanga wanahitaji maji ya kulowesha miguu tu, sentimita chache. Bata wanaokula kwa kuinamisha kichwa huku mkia uko juu hufikia chakula kilicho kama sentimita 30 chini. Mnandi na kibisi wanapiga mbizi, kwa hiyo wanataka kina zaidi. Halafu pale mchanga ulipokatwa wima, keremkerem, midiria na mbayuwayu wa mchangani wanachimba matundu ya kutagia, maana nyoka na panya hawapandi ukuta wa mchanga kirahisi. Makundi hayo yote nimeyakuta kwenye eneo ambalo unalizunguka kwa miguu bila kuchoka.

Nawaomba wenye uzoefu waongeze. Na anayetaka kuanza, aulize bila kuona aibu.

#2 Mchangiaji

Mkuu umenifungua macho. Huku kwetu hakuna shimo la mchanga ninalolijua. Nianzie wapi? Na ni kweli kwamba mabwawa ya majitaka yana ndege wengi au ni stori za watu?

#3 Mchangiaji

Hizo si stori. Western Treatment Plant pale Werribee, karibu na Melbourne, ni mtambo wa kusafisha majitaka ulioanza kazi karne ya 19, na aina zilizorekodiwa hapo zinakaribia 300. Ni sehemu ya eneo lililotambuliwa tangu 1982 chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Cape Town wana Strandfontein, Nairobi wana Dandora, na kote huko watazamaji wa ndege wanakwenda kwa makusudi. Mabwawa haya mengi yalianza kama siri ya watu wachache.

#4 Mleta mada

Asante #3, umenirahisishia. Kwa #2 nitajibu yote mawili.

Majitaka kwanza. Yale maji yamebeba virutubisho vingi. Virutubisho vinakuza mwani na bakteria, na hao wanalisha mabuu ya wadudu, hasa wale inzi wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Mabuu yakiwa kwenye tope, kitwitwi wanayala. Yakigeuka wadudu na kuruka, mbayuwayu wanayadaka hewani. Kwa hiyo usisimame kwenye bwawa la kwanza ukaondoka umekasirika. Mitambo mingi hupitisha maji bwawa hadi bwawa, na lile la kwanza lina oksijeni kidogo sana, halina mengi ya kuonyesha. Nenda mabwawa ya mwisho, ambako maji yameshaanza kusafika. Kama pana vitanda vya kukaushia tope, hapo simama muda mrefu. Ila hakuna kuingia bila ruhusa, na usikanyage ukingo wenye utelezi ukiwa peke yako. Mabwawa hayo yana kingo za mteremko mkali, na mengine yametandikwa plastiki. Ukitumbukia, kutoka ni kazi kubwa.

Sasa pa kuanzia. Fungua picha za setilaiti kwenye simu, eneo lile unaloweza kulifikia bila kupanga safari. Usitafute kijani kibichi cha kuvutia. Tafuta mpaka, yaani pale kitu kimoja kinapokutana na kingine: maji na tope, msitu na shamba, matete na maji wazi. Aina nyingi hula upande mmoja na kujificha upande wa pili, kwa hiyo mpaka unakupa wageni wa pande zote. Kisha angalia picha za miaka ya nyuma za eneo hilohilo, kama programu yako inazo. Bwawa ambalo mara limejaa, mara limekauka nusu, ni zuri kuliko lililojaa mwaka mzima, kwa sababu kila maji yanaposhuka hufunua tope jipya lenye chakula.

Makaburi ya zamani yenye miti mikubwa usiyadharau pia. Miti mizee ina mashimo, na mashimo ni nyumba za bundi.

Baada ya hapo fungua ramani ya eBird, ule mfumo wa mtandaoni wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ulioanzishwa 2002 ambako watazamaji wa dunia nzima wanaweka orodha zao. Wengi huangalia palipo na orodha nyingi waende huko. Wewe fanya kinyume: tafuta palipo patupu kwenye ramani ilhali picha ya setilaiti inaonyesha maji au miti. Utupu ule mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyekwenda.

#5 Mchangiaji

Mleta mada nakuelewa, ila nina swali gumu kidogo. Mtu anaweza kufika mahali siku moja, akakuta kundi la ndege linapita, akaja hapa kutangaza amegundua. Wiki ijayo hakuna hata njiwa. Unatofautishaje kijiwe cha kweli na bahati?

#6 Mleta mada

Swali la msingi hili, na ndilo linalotenganisha anayetembea na anayetazama.

Jibu ni kurudi, na kuandika kila unaporudi. Siyo ndege adimu peke yao: wote. Kunguru waandike, njiwa waandike, na idadi uweke, hata ya kukadiria. Andika saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na umetembea umbali gani. Orodha ya namna hiyo, ambayo hujamwacha ndege yeyote uliyemtambua, ina thamani kubwa kwa sababu hata asiyekuwepo anahesabika. Kama orodha zako zote za miezi fulani hazina mbayuwayu halafu ghafla wanatokea, umepata tarehe ya kufika kwao. Ukiwa unaandika wale wa kushangaza tu, kesho hutajua kama mbayuwayu hawakuwepo au uliwapuuza.

Mwanzoni kila safari itaongeza aina mpya nyingi. Baadaye zitapungua hadi moja moja. Zikishapungua hivyo katika msimu mmoja, unajua wenyeji wa hapo. Subiri msimu ugeuke. Ndege wahamao wanaozaliana kaskazini huanza kushuka kusini mapema kuliko watu wanavyodhani: ndege wa tope wengine wanakuwa njiani tangu Julai, na msafara unaendelea hadi Novemba. Kurudi ni kati ya Machi na Mei, na hapo wengi wamevaa manyoya ya kuzaliana, ndipo wanapopendeza kweli. Mahali pakibaki na kitu cha kukuonyesha katika vipindi vyote hivyo, hapo huna tena sababu ya kusema ni bahati. Na mahali ambapo pana uhai wiki tatu tu za mwaka nako ni kijiwe, mradi wiki hizo zijirudie. Kwa ndege aliye safarini, wiki hizo tatu ndizo zinazomfikisha.

Saa nazo zina uzito. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza hazina mpinzani kwa ndege wa vichakani, kwa sababu wanaimba na wanakula kwa pamoja. Adhuhuri nenda kwa ajili ya tai na mwewe, maana wanasubiri ardhi ipate joto hewa ipande iwainue. Mtu akienda mahali pazuri saa sita mchana kutafuta chozi na kurumbiza, atarudi akisema hakuna kitu.

#7 Mchangiaji

Niongezee upande wa bahari, maana nimekaa sana na ndege wa pwani.

Pwani saa ya ukutani haikusaidii, inakusaidia ratiba ya maji. Maji yakipwa kabisa, ndege wametawanyika mbali kwenye matope na utaona nukta tu. Nenda maji yanapojaa, kama saa mbili kabla hayajafika juu. Yanawasukuma taratibu kuja upande wako, wakiwa bado wanakula, na wewe umekaa chini umetulia bila kumfuata yeyote. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanafunika matope yote na ndege wanalazimika kuhama. Siku za maji mafu yanaweza kubaki matope wazi na wasihame.

Na hapa ndipo penye siri ya kugundua. Kila mtu anajua matope wanapokula. Wachache wanajua wanapopumzikia maji yakijaa. Siku ya bamvua simama ufukweni uwaangalie wanaondoka kuelekea wapi. Watakwenda kwenye mashamba ya chumvi, au fungu la mchanga, au uwanja mtupu nyuma ya mikoko. Ukipapata hapo, utawakuta wote wamebanana sehemu moja, na kuwahesabu inakuwa rahisi kuliko mahali popote.

Ila tafadhalini, hapo ndipo pasipotakiwa kusogelewa. Wanapumzika kwa sababu wanajenga mafuta ya safari. Mwaka 2022 sululu mmoja kijana, wa aina ya Limosa lapponica, mwenye umri wa kama miezi mitano, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania akiwa na kisambaza mawimbi mgongoni. Kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua. Safari ile yote aliibeba kama mafuta mwilini. Kila ukiwarusha bila sababu, wanachoma sehemu ya akiba hiyo.

#8 Mchangiaji

Mada nzuri sana. Mleta mada sasa tupe ramani ya hilo shimo, tuje na kamera. Kuficha kuna faida gani?

#9 Mchangiaji

Mimi napinga. Nimeona mahali penye kiota cha bundi panatangazwa mtandaoni, na baada ya siku chache matawi yaliyokuwa yanakifunika yamekatwa ili picha itoke vizuri. Kiota kikabaki wazi kwa jua na kwa kunguru. Na hapo sijawataja wanaotega ndege kuuza. Mtu akishaandika mahali, hawezi tena kuchagua nani asome.

#10 Mleta mada

#8 na #9, nimelifikiria suala hili kuliko mengine yote, kwa hiyo mnivumilie.

Kuficha kabisa kuna hasara yake. Mahali ambapo hapajaandikwa popote pakitakiwa kufukiwa, hakuna hata karatasi moja ya kuweka mezani. Mnaikumbuka Saemangeum, Korea Kusini? Ukuta wa bahari wa zaidi ya kilomita 33 ulikamilika 2006 ukayakata matope ambayo ndege wa pwani wengi mno walikuwa wanategemea kati ya Australia na Siberia. Kilichowezesha dunia kujua hasara yake ni kwamba watu walikuwa wamehesabu kabla na wakaendelea kuhesabu baada. Ukuta haukuzuiwa, nakubali. Lakini namba zile zilisaidia sana katika kuyapigania matope mengine ya Bahari ya Njano, na baadhi yake sasa yamo katika Urithi wa Dunia.

Na namba haihitaji kuwa kubwa kupita kiasi. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini 1971, unatambua ardhioevu inayotumiwa mara kwa mara na ndege wa majini 20,000 au zaidi. Kuna kigezo kingine ambacho watu wanakisahau: asilimia 1 ya idadi ya aina moja. Kama jamii fulani ya ndege imebaki na 3,000 tu, bwawa lenye 30 kati yao mara kwa mara lina hoja. Bila mtu wa kuwahesabu, hao 30 hawajulikani. Ndiyo maana naheshimu sana ile sensa ya ndege wa majini inayofanyika kila Januari, ambayo imekuwa ikiendelea tangu 1967. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza kuhesabu, na kijiwe chake kikaingia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Orodha za kawaida naziweka, kwa jina la eneo. Kiota, mti wanaolala bundi, na aina yoyote inayotafutwa na wategaji, siandiki mpaka vifaranga wawe wameshaondoka. eBird wenyewe huficha mahali halisi kwa aina zilizo hatarini kutokana na wategaji, lakini usiwaachie wao kila kitu, maana orodha yao haiwezi kujua kwamba ndege wa kawaida ametaga kando ya njia unayopita. Picha nayo inasema mengi: ondoa taarifa za mahali kabla hujaituma, na usionyeshe mti mzima na nguzo iliyo nyuma yake.

#8, kwa hiyo ramani sitaiweka hapa kwa sasa, kwa kuwa ule ukuta wa mchanga una vifaranga. Naomba unielewe. Njia ya kufika kwenye la kwako nimeshaieleza yote, na ninaamini utapata.

Kuna dalili za kuondoka ambazo kila mtu azijue. Ndege akiacha kula na kunyoosha shingo, umeshafika karibu vya kutosha, simama. Akianza kutembea kwenda mbali nawe, rudi nyuma. Na ukimwona kitwitwi anaburuta bawa chini kana kwamba limevunjika, hajaumia: anakuvuta mbali na mayai. Usimfuate na usianze kutafuta. Mayai yake yana rangi ya changarawe na yako wazi ardhini, unaweza kuyakanyaga ukiwa unayatafuta. Geuka, rudi kwa nyayo zako zilezile. Mambo ya kupiga sauti za ndege kwenye simu ili atoke, msimu wa kutaga yaacheni kabisa. Dume anaacha kulisha anakwenda kupigana na adui asiyekuwepo.

#8 (mchangiaji yuleyule)

Nimekuelewa mkuu. Sikuwa nimefikiria upande wa picha kabisa. Nitatafuta la kwangu.

#11 Mchangiaji

Swali la haraka: darubini gani? Naona 8x42, 10x42, 10x25, nachanganyikiwa.

#12 Mleta mada

Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 unapata 5 na kitu, 25 kwa 10 unapata 2.5. Jibu likiwa kubwa, mwanga unaofika jichoni alfajiri na jioni ni mwingi, na hizo ndizo saa zetu. Chukua 8x42. Ya 10 inakuza zaidi lakini kila mtetemo wa mkono nao unakuzwa, na eneo unaloliona linapungua, kwa hiyo kumkamata chozi kwenye majani ni shida.

Na kwa wanaotumia Merlin, ile programu ya simu ya kutambua sauti za ndege: ikikutajia jina, chukulia ni dokezo. Usiandike kwenye orodha mpaka umemwona au sauti umeihakikisha kwa sikio lako.

#13 Mchangiaji

Wakuu nimefanya kama alivyoelekeza mleta mada kwenye #4. Kwenye picha ya setilaiti niliona mfereji mpana wa maji ya mvua unaoishia kwenye kidimbwi nyuma ya maghala. Nimekwenda asubuhi. Nimekuta yangeyange, mbayuwayu, mdiria mmoja. Halafu kuna kijindege cha kahawia mgongoni, tumbo jeupe, kinatembea pembeni ya zege na hakitulii, sehemu ya nyuma inanesa juu chini muda wote. Nilipokaribia kikaruka chini kabisa juu ya maji, mabawa kama yanatetemeka, kikatua mbele kidogo. Ni nani huyu?

#14 Mleta mada

Hongera sana! Kidimbwi nyuma ya maghala, hicho ndicho nilichokuwa nasema.

Kunesa huko bila kupumzika na kuruka chinichini kwa mapigo mafupi kunaelekeza kwa chamchanga wa jenasi Actitis. Kama uko Ulaya, Asia, Afrika au Australia, anayetarajiwa ni Actitis hypoleucos. Ukiwa Amerika ni ndugu yake, Actitis macularius, ambaye akivaa manyoya ya kuzaliana anakuwa na madoa meusi tumboni. Hakikisha kwa mambo mawili. Akiwa ametua kwa ubavu, tazama mbele ya bega: weupe wa tumbo unapanda juu kati ya bawa na kifua kama kabari. Akiruka, tazama kiuno, yaani mgongo karibu na mkia: cha kahawia, ni yeye, na bawa litakuwa na mstari mweupe. Ukiona kiuno cheupe kinachong'aa, huyo ni wa jenasi Tringa, naye pia hunesa, kwa hiyo kunesa peke yake kusikutoshe.

Huwa mpweke, na anapenda kingo ngumu kama za zege kuliko tope laini. Mara nyingi hubaki kipande kilekile cha ukingo kwa wiki kadhaa. Nenda tena asubuhi hizi, kaa chini jua likiwa nyuma yako, na umwache yeye aje. Umeandika saa ngapi ulipomwona?

#13 (mchangiaji yuleyule)

Saa moja kasoro. Kiuno sikuangalia, nilikuwa namwangalia mkia tu. Kesho naenda.